Fimbo ya Waziri na Waya wa Lugongo

Waya wa pantoni ya Lugongo ulikuwa unakatika, na Waziri wa Vivuko alikuwa hajapata fimbo ya gofu ya kumfaa. Hayo ndiyo yalikuwa matatizo mawili ya wizara yetu mwaka ule. Moja lilishughulikiwa usiku na mchana.

Mimi nilikuwa dereva wa Waziri. Shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo mambo makubwa ya nchi nayajua kwa kuyasikia nikiwa nimeshika usukani. Kama kuna mahali sikuelewa, wasomi watanisamehe.

Katika nchi yetu Mkuu wa Nchi alianza kucheza gofu baada ya daktari kumwambia atembee. Wiki iliyofuata mawaziri wote waligundua kwamba na wao wanaupenda mchezo huo tangu utotoni, ingawa wengi wao walikulia mahali ambapo nyasi fupi ni zile zilizokwisha kuliwa na mbuzi. Mwezi ulipokwisha, hapakuwa na mkurugenzi aliyepandishwa cheo bila kuonekana kiwanjani, na hapakuwa na faili lililosainiwa mahali pengine.

Wote walikuwa wachezaji wa ridhaa, na walicheza vibaya. Simsemi mtu. Waziri wangu, Mheshimiwa Ndagalasi, aliweza kuupiga mpira mara nne na mpira ukawa bado pale pale unamtazama.

Lakini nilielimishwa na Katibu Mkuu wetu, Bwana Halimoja, kwamba mchezaji wa ridhaa akiukosa mpira, kosa si lake. Kosa ni la kifaa. Fimbo ni nzito, au mpini ni mgumu, au mshikio umeteleza, au mpira wenyewe haukutengenezwa kwa hali ya hewa ya nchi yetu. Ndiyo maana watu wale walifikiri sana kuhusu vifaa. Sijawahi kuona watu wakifikiri kiasi kile. Nimekaa nje ya ukumbi wa mikutano toka asubuhi mpaka taa zinawashwa, ndani wakijadili mshikio tu, sehemu ile ya fimbo inayokaa kiganjani. Wengine walitaka wa ngozi. Wengine walisema ngozi inanyonya jasho. Aliitwa mtaalamu wa ngozi. Akaitwa na mtaalamu wa jasho.

Siku moja Waziri alinipa fimbo tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu.

"Dereva, hebu shika. Inakaa mkononi?"

"Inakaa, Mheshimiwa."

"Halimoja, unaona? Hata mtu ambaye hakusoma anahisi!"

Fimbo zilisafiri kiti cha nyuma, zimefungwa mkanda. Mkanda wangu mimi ulikatika zamani, na ombi la kupata mwingine lilikuwa linashughulikiwa.

* * *

Sasa niseme kuhusu Lugongo.

Lugongo ni kivuko kwenye Mto Nyamasasi, kwetu nilikozaliwa. Daraja hakuna. Kuna pantoni, sahani kubwa ya chuma inayobeba watu, ng'ombe na baiskeli, na kuna waya mnene uliovutwa toka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile. Pantoni imefungwa kwenye waya huo ili maji yasiichukue. Ukiondoa waya, pantoni ni jani.

Aliyekuwa anaendesha pantoni ni Kasembe, mume wa mdogo wangu Sikudhani. Siku moja alinifuata mji mkuu, akanikuta maegesho ya kiwanja cha gofu nikifuta gari. Alikuwa na gunia begani.

"Shemeji, umenona," akasema. "Kumbe serikali inalisha."

"Inalisha wenyewe. Mimi ni chai na harufu. Sikudhani hajambo?"

"Hajambo. Anasema gari lako lina matairi manne lakini halijui njia ya kwao."

Tukacheka. Kisha akaliweka gunia chini na kulifungua. Ndani kulikuwa na kipande cha waya, kirefu kama mkono, kimejaa kutu, nyuzi zimefumuka kama nywele za mtu aliyeamshwa.

"Shika hapa. Taratibu, unachoma."

"Umeutoa wapi?"

"Mwisho kabisa, pale kwenye nguzo, ulikozidi. Wa katikati ya mto ni mbaya kuliko huu, lakini huo siwezi kukuletea. Ndio umetushika."

"Si uliandika wizarani?"

"Nimeandika mpaka mwalimu anayeniandikia amenichoka. Wananijibu suala linashughulikiwa. Sasa nimelileta suala lenyewe, walishughulikie kwa mikono."

Nikamwuliza mvua zikianza itakuwaje. Akawa anaangalia wakubwa kule kwenye nyasi, wamesimama wanne wanaitazama fimbo moja.

"Mvua zikianza naacha kazi," akasema. Halafu akasema, "Muongo mimi. Siwezi kuacha. Nikiacha watu watavuka kwa mitumbwi, na mto ukijaa mtumbwi haufiki. Mwonyeshe tu bwana wako, shemeji. Auone. Akiuona haitakuwa na haja ya kuongea."

Nikaliweka gunia kwenye buti ya gari, nikamwahidi.

* * *

Jioni ile ile tulimpokea uwanja wa ndege mtaalamu wa fimbo kutoka nje. Kwa kuwa mtaalamu alikaa kiti cha nyuma, fimbo zilihamishiwa kwenye buti. Barabara ya kutoka uwanja wa ndege ina mashimo. Tulipofika, Waziri akafungua mfuko, akatoa fimbo namba saba, akaigeuza kwenye mwanga, akatoa sauti ambayo nilikuwa nimeisikia mara moja tu, mama yake alipofariki.

Kichwa cha fimbo kilikuwa na mkwaruzo.

Nilionyeshwa mkwaruzo huo. Nilikubali kwamba nimeuona.

Kesho yake iliundwa Tume ya Kuchunguza Mkwaruzo. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu. Miongoni mwa wajumbe walikuwamo mkuu wa maabara, mpiga picha wa polisi, na daktari bingwa wa mifupa kwa kuwa daktari wa fimbo hatukuwa naye. Redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Waziri amepata msiba wa kikazi, na kwamba wananchi wawe watulivu wakati uchunguzi unaendelea. Wananchi walikuwa watulivu.

Nikaitwa mbele ya Tume.

"Dereva, kati ya waya na fimbo, kipi kilitangulia kuingia kwenye buti?"

"Waya, Mheshimiwa Jaji."

"Kwa hiyo fimbo iliukuta waya umo?"

"Ndiyo, ulikuwamo kwenye gunia."

Jaji akamgeukia karani. "Andika, waya ulikuwa unavizia."

Wakataka mwenye waya aletwe. Hapo nikafurahi, nasema kweli. Mwaka mzima wizara ilikuwa haina gari la kwenda kukikagua kivuko cha Lugongo. Gari la kwenda kumkamata mwendesha kivuko lilipatikana kabla ya chakula cha mchana.

* * *

Kasembe aliletwa na vumbi lake. Waziri mwenyewe alikuwapo, na waya ulikuwa mezani umewekwa juu ya kitambaa cheupe, pembeni ya fimbo, kila kimoja na namba yake.

"Wewe ndiye mwenye waya huu?"

"Mwenye waya ni serikali, Mheshimiwa. Mimi naning'inia tu."

"Unajua umeharibu nini?"

"Sijui, Mheshimiwa. Ila naomba, maadamu nimefika, uushike. Huo ndio unaozuia pantoni. Umechoka. Mvua zikianza utatuangusha."

Sikutegemea, lakini Waziri aliushika. Akauinua, akaupima kiganjani. Kisha akasimama, akatanua miguu, akakunja magoti kidogo, akaushika kwa mikono miwili kama anataka kupiga mpira.

"Mzito," akasema.

Katibu Mkuu Halimoja akausogelea. "Mzito sana, Mheshimiwa."

"Mpini mzito unaua mwendo. Kila mtu anajua. Dunia nzima imeacha chuma, imehamia kaboni. Hiyo pantoni, inavukaje?"

"Polepole mno, Mheshimiwa. Wananchi wanalalamika."

"Mnaona!" Waziri akapiga meza. "Miaka yote tunailaumu pantoni. Kumbe kosa ni la kifaa. Tunawapa wananchi waya wa enzi za babu zao, mgumu, hauna unyumbufu, halafu tunataka wawe na kasi ya maendeleo!"

Watu wakapiga makofi. Daktari wa mifupa alifuta machozi.

Kasembe akanyoosha mkono kama mtoto darasani. "Mheshimiwa, ule waya haupigi kitu. Kazi yake ni kushika."

"Wewe unacheza gofu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Navusha watu."

"Basi tuachie wenye kucheza."

Alisamehewa kuhusu mkwaruzo. Nilimpeleka stendi, nikamnunulia maji na mkate. Nilidhani atakuwa na hasira, lakini alikuwa anatabasamu.

"Si nimepata?" akaniambia. "Wamesema wananipa mpya. Mpya ni mpya, shemeji. Kwani wataniletea kamba ya katani?"

* * *

Naomba msomaji asidhani kwamba walichagua ovyo. Ungekuwa uongo. Waya mpya ulichaguliwa kwa makini kama walivyochagua fimbo, na kwa njia ile ile, kwa kuwa njia nyingine hawakuwa nayo. Injinia wa wizara alikuwa ameshahamishiwa mkoa wa mbali, kosa lake likiwa ni kumshinda Waziri kwenye shimo la tisa.

Wauzaji walipanga vipande vya waya juu ya nyasi. Waziri na Katibu Mkuu wakapita wakivishika kimoja kimoja kwa glavu, bila glavu, kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto. Walivipunga hewani kusikiliza sauti. Ulikuwapo mnene, wa rangi ya majivu. Waziri aliuinua, akaurudisha chini bila neno, kama mtu aliyeonyeshwa mchumba asiyempenda.

Kisha akaushika mmoja mwembamba, unaong'aa, umevikwa plastiki ya kijani.

"Huu," akasema polepole. "Huu unaitikia."

"Unaitikia, Mheshimiwa," akasema Halimoja, ambaye alikuwa bado hajaushika.

Nilisogea kwa muuzaji nikamwuliza wanaoununua huwa wanaufanyia nini. Alikuwa kijana mwenye adabu. Akasema wateja wake wengi ni watu wa mahema, yale ya harusi.

"Na hili hema la kwetu litakuwa na ng'ombe," nikamwambia.

"Mzee, mimi nauza," akasema. "Wao ndio wanajua wanakotundika."

Nilimwambia Katibu Mkuu. Alinitazama kwa huruma. Akasema ndilo tatizo la kuachia shule njiani, mtu anaona unene anadhani ni nguvu.

Wakaendelea siku mbili zaidi, wakijadili kama kijani hicho kifanane na kijani cha bendera au cha nyasi.

* * *

Uzinduzi uliwekwa katikati ya masika, kwa kuwa kabla ya hapo kulikuwa na mashindano ya gofu. Ukawekwa siku ya mnada, ili watu wawe wengi.

Mto Nyamasasi siku ile ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa na unapita na miti mizima. Mvua ilikuwa inanyunya. Kwenye ukingo wa huku walitandika nyasi zilizoletwa kwa lori kutoka kiwanja cha mji mkuu, na Waziri akasimama juu yake na mfuko wake wa fimbo. Ratiba ilikuwa hivi. Pantoni ivuke ikiwa imejaa watu. Ikifika katikati isimame. Waziri apige mpira, mpira upite juu ya pantoni na kuangukia ng'ambo, wapiga picha wapige picha, ndipo wananchi waendelee na safari. Picha hiyo ilikusudiwa kutundikwa ofisini kwa Mkuu wa Nchi.

Sikudhani alikuwa upande wa huku, anawapikia wageni pilau. Alikuja kusimama karibu nami, mikono ina unga wa iliki.

"Kaka, mbona uzi?" akaniuliza.

"Ni waya wa kisasa."

"Mume wangu hajalala. Usiku kucha anageuka. Nikamwambia usiende, akasema wakubwa wamekuja, nisipokwenda watampa usukani mtu asiyeujua mto."

Pantoni ilifika katikati, ikasimama kama ilivyoagizwa. Nilimwona Kasembe amesimama mbele. Nilimwona mwalimu aliyekuwa anamwandikia barua, amevaa suti. Wachuuzi wa mnada, ng'ombe, kinamama wenye watoto mgongoni. Walikuwa wanatupungia mikono. Maji yalikuwa yanasukuma pantoni ubavuni, na waya ule wa kijani ulikuwa umejikunja kama upinde.

Waziri alichomoa fimbo namba tano. Akaitazama. Akairudisha. Akachomoa namba saba.

"Upepo," akasema.

Halimoja akang'oa nyasi, akazirusha juu. Zikawaangukia usoni. Wakajadili.

"Ile yenye mkwaruzo ungeichukuliaje, Halimoja?"

"Ina historia, Mheshimiwa. Lakini mkwaruzo unaweza kuvuta hewa."

Akabadili glavu. Akaomba mpira mwingine, kwa kuwa ule ulikuwa mgumu kwa hali ya unyevu. Mbeba mfuko akamletea wa pili, wa tatu. Ng'ombe kwenye pantoni wakaanza kulia.

Kasembe alikuwa amefanya tarumbeta ya viganja. "Shemejiiii! Mwambie apige! Aupige tuondoke!"

Nikaenda mpaka kwenye nyasi. Kiatu changu kilizikanyaga na watu wakaguna.

"Mheshimiwa, wanaomba uwahi. Maji yanawasukuma."

"Dereva, wewe ukipasuliwa tumbo utamharakisha daktari?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ila wale wako majini."

"Niambie basi. Tano au saba?"

"Yoyote, Mheshimiwa."

"Yoyote!" Akawageukia waandishi wa habari. "Mnasikia? Yoyote! Ndiyo maana hamuendelei."

Akarudi kufikiri. Sikudhani alikuwa ameshuka mpaka maji yanamfika magotini, anamwita mumewe kwa jina, jambo ambalo mwanamke wa kwetu hafanyi mbele ya watu.

Mwishowe Waziri akachukua saba. Akatanua miguu. Akakunja magoti. Akainua fimbo.

Waya wa zamani ungepiga kelele, ungeonya. Ule haukusema kitu. Ulikatika tu, mwepesi, ukapita hewani kama mjeledi wa kijani, na pantoni ikageuka ubavu. Upande mmoja ukazama, ng'ombe wakateleza wote pamoja kuelekea upande huo, juu ya watu. Kasembe alikuwa amemshika mtoto wa mtu kwa mkono mmoja na chuma kwa mkono mwingine. Nilimwona hivyo. Kisha sikumwona.

Ukelele ulipopanda, mkono wa Waziri ulikuwa tayari unashuka. Alishtuka. Mshikio uliojadiliwa toka asubuhi mpaka taa zinawashwa ulikuwa umelowa. Fimbo ikamponyoka, ikaruka vizuri sana, mbali kuliko mpira wowote aliowahi kupiga, ikaanguka mtoni. Mpira ulibaki pale pale.

* * *

Wazamiaji waliletwa na helikopta ya jeshi. Niliwaona wanashuka na mitungi mgongoni, nikamwambia Sikudhani asimame, wamekuja. Afisa wao akamwuliza Halimoja waanzie wapi. Halimoja akaonyesha kwa kidole mahali fimbo ilipoangukia, kwa kuwa ndipo palipokuwa na uhakika. Pantoni ilikuwa imeshachukuliwa na maji na hakuna aliyejua iko wapi.

"Ile ni mali ya serikali," akaeleza. "Watu ni wengi, tutachanganyikiwa."

Tume ya Ajali ilikaa saa moja tu, pale pale, chini ya turubai, kabla pilau la dada yangu halijapoa. Ikagundua kwamba waya haukuwa na kosa, kwani ulichaguliwa na watu makini. Waziri hakuwa na kosa, kwani alikuwa amekwisha kuchagua fimbo sahihi. Kosa lilikuwa la mto, uliokuja na maji mengi kuliko ilivyopangwa kwenye ratiba. Mto ukapewa onyo.

Mheshimiwa Ndagalasi alipumzishwa kwa mwezi kwa ajili ya mshtuko. Siku hizi yuko Wizara ya Hospitali. Nasikia wanachagua mashine za kuwasaidia wagonjwa kupumua, na kwamba anapendelea zilizo nyepesi.

Mimi niliacha funguo kwenye kiti cha nyuma, nikazifunga mkanda, nikarudi Lugongo. Sikudhani hanisemeshi sana. Jioni anakwenda mtoni, anakaa karibu na nguzo, pale ulipobaki mwisho wa waya wa zamani, ule mnene. Bado umeshika.

Wizara haikutangaza hasara, kwa hiyo naitangaza mimi.

Watu kumi na tisa. Kati yao watoto watano. Mwalimu mmoja, na suti yake. Ng'ombe sita. Waliopatikana wakazikwa ni kumi na mmoja. Kasembe si mmoja wao.

Fimbo moja. Hiyo ilipatikana siku ile ile.